Mjomba Alikunywa Bia, Mwalimu Akapewa Nusu Mshahara

Saa moja asubuhi, mvua nyepesi inanyesha Bukavu, na Olive Zagabe amesimama mlangoni mwa boti. Mkono mmoja ameuweka kwenye kamba, mwingine kiunoni. Mbele yake kuna mfanyabiashara mwenye marobota matatu ya vitenge, anayemnong'oneza huku akitabasamu. Ndani ya kiganja chake kuna noti iliyokunjwa, na kiganja hicho kinasogea polepole kuelekea mfuko wa koti la Olive.

Olive haupokei mkono huo wala hausukumi. Anapaza sauti tu, ile sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto walio mwisho wa kiwanja.

"Papa, rudisha makuta yako mu mufuko. Boti imejaa."

Bichi nzima inasikia. Bichi ndilo jina wanaloliita wenyeji gati la boti ziendazo Goma, na asubuhi kama hii huwa na wabebaji, wauza dagaa wa sambaza, akina mama wenye magunia ya makaa, na abiria wanaokumbatia mizigo yao kama watoto wachanga. Mfanyabiashara anarudisha mkono haraka. Wabebaji wanacheka. Marobota yatalala Bukavu, mwenyewe atake asitake.

Dakika chache baadaye boti inayoitwa Mapendano inaondoka, ikiwa imekaa vizuri juu ya maji. Olive anaitazama mpaka ipite ncha ya rasi, kisha anafuta mvua usoni na kusonya.

Ukidhani hasira yake ni ya yule mwenye marobota, umekosea. Watu wa namna hiyo anakutana nao kila siku na amewazoea. Hasira yake ni ya miezi mitano sasa, na ukitaka kuiona kwa macho, panda ngazi za mbao mpaka ofisi ya tajiri wake iliyo juu ya ghala. Juu ya kabati kuna chupa mbili za bia zilizojaa vumbi. Hakuna anayethubutu kuzifungua.

Wabebaji humwita Madame. Huku Kongo hilo ndilo jina la mwalimu wa kike, na Olive alikuwa mwalimu kwa miaka kumi na sita. Alifundisha darasa la nne katika shule moja ya msingi mtaa wa Nyalukemba, watoto zaidi ya sabini katika chumba kimoja, watatu watatu kwenye dawati la wawili. Sauti yake aliipata huko. Subira yake pia aliipata huko, na huko huko ikaisha.

Mshahara wa mwalimu, ukifika, ulikuwa kama dola mia moja na thelathini kwa mwezi. Neno la kuangalia hapo ni "ukifika". Vita vilipoingia mjini na benki zikafunga milango, ukaacha kufika kabisa. Wazazi waliokuwa na chochote wakawa wanaleta kabichi, kikombe cha unga, sambaza waliofungwa kwenye jani. Mumewe, Gentil, yuko machimboni Shabunda akitafuta dhahabu. Hutuma pesa akipata, na kupata kwenyewe ni bahati nasibu. Watoto wao watatu hula kila siku, Gentil awe amepata au hajapata.

"Banatusifuka banasema mwalimu ni mushumaa, anawakia bengine," Olive anasema, na anapolitaja neno mshumaa unaona midomo ikikaza. "Ni kweli. Mushumaa unawaka, unaisha, banatafuta ingine."

Hakutaka kuisha. Akaanza kutafuta kazi nyingine.

Kazi ilimjia Jumapili moja nje ya kanisa. Papa Constantin, mwenye boti Mapendano na mzee wa heshima parokiani, alisema mbele ya watu kwamba msimamizi wake wa upakiaji amehamia Uvira na nafasi iko wazi. Kazi yenyewe si ya kalamu peke yake. Msimamizi ndiye anayeamua nani apande na nani abaki, mzigo gani ukae chini na upi usiguse boti kabisa. Yeye ndiye anayesema boti imejaa, na akisha kusema, nahodha anang'oa nanga.

Constantin alimfahamu Olive. Binti yake alipita katika darasa lake. Tena yeye ni mtu wa Walungu, vilima vya nje ya mji, na mama yake Olive ni wa huko huko, kilima kwa kilima. Alimwita pembeni, akamwambia anahitaji mtu mwaminifu mwenye sauti. Kisha, kwa upole kabisa, akamuuliza shuleni alikuwa analipwa ngapi.

Olive akamwambia ukweli.

"Njo kosa yangu ya kwanza," anasema, na "njo" ya Bukavu ni "ndiyo" tu. "Mwalimu anafundishaka batoto baseme ukweli, njo na yeye anasema."

Swali hilo linaulizwa kila mahali siku hizi, na limevaa nguo za adabu, lakini ni mtego. Fundi akija kukujengea ukuta, humuulizi alilipwa ngapi mwaka jana alipokuwa analima maharage. Ukuta una bei yake. Lakini mwalimu akitaka kuacha chaki, kila mlango anaogonga wanaanza kwa kupima kina cha shimo alilotoka, ili wamtoe kidogo tu, miguu ikiwa bado ndani.

Nyumbani, ukoo ukakaa. Mama yake na wazee wengine walikubaliana kwamba si vizuri mwanamke kwenda kutaja bei yake mwenyewe mbele ya mtu wa kwao. Ingeonekana ni tamaa. Kwao, maneno mazito hayasemwi na mwenye shida, husemwa na mtu aliyetumwa. Ndivyo mahari inavyosemwa, ndivyo shamba linavyoombwa. Wakamchagua mjomba wake, Papa Adalbert, ambaye Olive humwita tonton.

Hakukuwa na ubishi juu ya chaguo hilo. Adalbert ndiye msemaji wa ukoo. Mabinti wengi wa familia wameolewa kwa ulimi wake, na inasemekana hajawahi kurudi nyumbani na ng'ombe pungufu. Siri yake kubwa ni desturi ambayo yeye mwenyewe huwafundisha vijana: kinywaji cha mwenyeji hukaa mezani mpaka ng'ombe wa mwisho atajwe. Kinaweza kupoa, kinaweza kuingia nzi, hukigusi. Ukikionja kabla ya hapo, umekubali kila alichosema mwenyeji na kila atakachosema.

Maagizo aliyopewa yalikuwa mepesi. Aende, asikilize mshahara utakaotajwa, asijibu, arudi.

Siku hiyo jua lilikuwa kali. Adalbert alitoka kwake akiwa amevaa koti la sherehe, akateremka mlima kwa miguu ili kuokoa nauli ya pikipiki, akafika bichi koo limekauka. Papa Constantin alimpokea kwa mikono miwili. Alimpa kiti chake mwenyewe, akamuuliza habari za Walungu, akamkumbusha babu zao waliochunga pamoja. Na mezani zikaletwa bia mbili, baridi, zinatoka jasho.

Adalbert akazinywa.

Nilipomkuta kwake, mzee huyu hakujificha. Alikaa akiangalia mikono yake na kueleza kilichompitia kichwani. "Nilizani ile desturi ni ya ndoa," alisema. "Mambo ya biro, ya ofisi, mambo ya kazi, nilizani hayana desturi. Nikasema hii ni kiu tu."

Basi kiu ile iligharimu. Chupa ya kwanza ilipita katika salamu. Ya pili ilipofika nusu, Constantin akataja mshahara: dola mia moja na hamsini kwa mwezi, na safari ya bure ya Goma mara mojamoja. Akaongeza kwamba hiyo ni zaidi ya alichopata shuleni, na kwamba Madame Olive hajawahi kufanya kazi ya maji. Adalbert alikuwa na glasi mkononi. Msemaji ambaye hajawahi kurudi na ng'ombe pungufu hakuwa na kinywaji cha kukataa, maana kilikuwa tumboni.

Na tusidanganyane. Constantin ni mtu wa Walungu. Aliijua desturi ile kama anavyojua jina la mama yake. Kwake yeye kazi ilikuwa haina desturi wakati wa kupima mshahara, lakini ilikuwa nayo wakati wa kufunga mazungumzo.

Adalbert alirudi akifurahi. Aliingia jikoni akisema mwanawe amepata kazi, tena kwa mshahara unaozidi wa serikali. Olive alikuwa anasonga bugali. Aliuliza maneno mawili tu, mshahara kiasi gani na mjomba alisema nini. Alipojua kwamba bia zilikwisha, aliuacha mwiko ndani ya sufuria akatoka nje. Jirani anakumbuka kumwona amesimama kwenye ukingo wa barabara, amefunga mikono kifuani, akitazama ziwa kama mtu aliyelitusi likamjibu.

"Nililia," anasema mwenyewe bila haya. "Haikukuwa huzuni. Ilikuwa kasirani. Miaka yote ile ya kazi, njo mutu akunywe, ikwishe."

Kila aliyemwendea alimpa jibu lile lile. Tonton alikunywa, mambo yamekwisha. Mama yake alisema hivyo, akina mama wa kanisani walisema hivyo. Wengine waliongeza kwamba hasira ni hasara, ashukuru Mungu, wako walimu wanaouza ndizi barabarani. Olive anakiri kwamba maneno hayo yalikaribia kumshinda. Angekwenda kuanza kazi kwa nusu ya haki yake na kusema asante, kama isingekuwa Nasoro.

Nasoro ndiye nahodha wa Mapendano. Ni mtu wa Uvira, wa familia ya wafanyabiashara Waislamu ambao mababu zao walitoka pwani, na si mtu wa maneno mengi. Siku chache kabla ya kuanza, Olive alishuka bichi kutazama kazi ilivyo. Nasoro alimwonyesha boti, tumbo lake, mahali mzigo unapokaa na mahali usipopaswa kukaa. Kisha akamuuliza wamemwambia atalipwa ngapi. Aliposikia, akageuka akamtazama.

Halafu akamwambia kwamba aliyetangulia alikuwa akilipwa dola mia tatu. Mara mbili kamili.

Olive akajibu lile alilofundishwa kujibu, kwamba labda yule alikuwa mzoefu, yeye ni mgeni wa kazi ya maji. Nasoro akatikisa kichwa.

"Ule alikuwa mushonaji wa viatu, Madame," alisema. "Siku ya kwanza alitapika hapa hapa, na boti ilikuwa imefungwa kamba."

Fundi viatu aliingia kwa mia tatu, tena bila kuulizwa kiatu kimoja alishona kwa bei gani. Mwalimu aliingia kwa mia na hamsini. Hapo ndipo mtu anatakiwa aambiwe kwamba hasira ni hasara?

Lakini neno lililombadilisha Olive halikuwa la mia tatu. Lilikuwa lile Nasoro aliloongeza wakati wanaagana, akiwa ameshika kamba ile ile ambayo Olive huishika leo. Alisema: "Mutu wa kufunga mulango wa boti, ukimulipa kidogo, atalipwa na ule anataka kuingia."

Olive alipanda mlima akilirudia neno hilo. Watu wa mji huu wanalijua ziwa lao. Kuna nyumba ambazo picha ya ukutani ni ya mtu aliyepanda boti iliyojaa akaambiwa bado kuna nafasi. Aliwaona wale wenye marobota, noti zao zimekunjwa, na akajiona mwenyewe amesimama mlangoni mwezi ambao Gentil hajatuma kitu na mtoto amefukuzwa shule kwa ajili ya karo. Alijua angeipokea noti. Si siku ya kwanza, pengine si mwezi wa kwanza. Lakini angeipokea, na siku moja angesema bado kuna nafasi.

"Nilijiogopa," anasema. "Njo pale nilisema hapana, hii kazi sitaifanya na njaa."

Asubuhi iliyofuata alikwenda dukani akanunua bia mbili, aina ile ile, akazifunga kwenye kitenge. Hakumuaga mtu. Hakumchukua mama wala mjomba wala mzee wa kanisa. Alishuka bichi peke yake, akapanda ngazi za mbao, akamkuta Papa Constantin mezani na Nasoro amesimama dirishani akingoja mafuta ya safari.

Alifungua kitenge, akaziweka chupa mbili mezani, mbele ya tajiri.

"Papa Constantin, tonton yangu alikunywa zenu mbili," alisema. "Nimezirudisha. Sasa hakuna kitu ilinywewa. Tuanze maneno."

Mtu wa mji mwingine angeona ni mwanamke aliyeleta zawadi. Mtu wa Walungu anajua maana ya kinywaji kinaporudishwa. Ni posa iliyovunjika. Ni kumwambia mwenyeji kwamba hatujawahi kukaa chini ya paa lako. Constantin alicheka kwanza, kisha akamtazama Olive, akaacha kucheka.

Akamwambia kwamba hii ni kazi, si ndoa.

"Njo ile na mimi minasema," Olive akajibu. "Kama haiko ndoa, juu ya nini ulimukamata tonton na chupa?"

Constantin alijikusanya, akaanza upya kwa sauti ya mzee wa parokia. Alisema anamheshimu Madame. Alisema kazi yake ilikuwa chaki, huku kwenye maji ni mgeni, na mgeni huanzia chini. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, alimkumbusha.

Olive aliuliza swali moja, kwa ile sauti ya darasani inayomtaka mtoto afikiri kabla ya kujibu.

"Abiria anapanda boti yako mara ya kwanza, hajui maji. Unamupunguziaka nauli?"

Nasoro aligeukia dirisha, mabega yakitikisika. Nauli ya Mapendano ni moja, uwe umesafiri mara mia au ndiyo kwanza unaliona ziwa, na hakuna anayeijua sheria hiyo kuliko mwenyewe aliyeiweka.

Olive hakungoja jibu. Maneno yaliyofuata anayakumbuka yote, na Nasoro, aliyekuwapo, anayathibitisha. "Kwa darasa nikikosea, mutoto anarudilia mwaka," alimwambia. "Hapa nikikosea, hakuna mutu wa kurudilia. Basi utanilipa weye, ao batanilipa benye marobota. Chagua."

Alitaja mia tatu. Si mia tatu na kitu, si chini yake. Bei ya fundi viatu.

Walibishana mpaka boti ikachelewa kuondoka. Constantin alishuka kwenye kiburi chake hatua kwa hatua, akilalamikia bei ya mafuta, injini, kodi za kila mwenye kofia. Mwishowe wakafika mahali: dola mia mbili kwa miezi mitatu ya majaribio, halafu mia tatu. Na neno la "imejaa" liwe la Olive peke yake, hata tajiri mwenyewe asilipinde. Hilo la pili Olive aliling'ang'ania kuliko la kwanza.

Hakuna aliyekunywa. Constantin alichukua zile chupa mbili akaziweka juu ya kabati, akasema mbele ya Nasoro kwamba zitafunguliwa siku ya mia tatu.

Miezi mitatu ilikwisha zamani. Chupa bado ziko juu ya kabati.

Mara ya kwanza Olive alipopanda ngazi kuuliza, aliambiwa mafuta yamepanda. Mara ya pili aliambiwa tungoje kidogo, hali ya mji inaonekana. Mara ya tatu hakuambiwa hata akae. Constantin alimsifu mbele ya wageni, akasema tangu Madame aje hakuna mzigo uliolowa wala abiria aliyelia, akampigia makofi. Olive alishuka ngazi na sifa zake, akapita sokoni, akagundua kwamba muuza unga hapokei sifa.

Papa Constantin alikubali kuzungumza na gazeti hili, na ni haki aandikwe. Anasema mshahara wa mia mbili anaulipa kwa wakati, mkononi, jambo ambalo wenye kazi wengi mjini hawaliwezi leo. Anasema mia tatu hajaikana. Anasema Olive ni mfanyakazi bora kuliko wote aliowahi kuwa nao. Kisha akaongeza, bila kuona alichokisema, kwamba hakuna mwalimu anayepata dola mia mbili Bukavu nzima.

Unaona? Miezi mitano amesimama mvuani akifunga mlango wa boti, amekataa noti ambazo zingelisha watoto wake, na bado anapimwa kwa chaki. Ahadi ni deni, wazee walisema, lakini inaonekana deni la mwalimu huwa halina siku.

Mjomba Adalbert naye ana yake. Wiki mbili baada ya zile bia, alikwenda kwa Olive akiwa na jogoo mikononi, akaomba msamaha mbele ya watoto. Olive anampenda mjomba wake. Ndiye aliyemlipia masomo ya ualimu baba yake alipofariki. Alimpokea, akamchinja jogoo, wakala wote.

"Jogoo tulikula," Olive anasema. "Kasirani ilibakia."

Tangu siku ile Adalbert hajagusa kinywaji katika nyumba ya mtu, hata chai. Amejitolea arudi kwa Constantin kusema maneno upya, safari hii koo likiwa limefungwa. Olive amemkatalia. Amemwambia anaweza kuja, akae kwenye kiti, ionekane kwamba mwanawe ana watu. Lakini maneno atayasema mwenye kazi.

Siku yenyewe imekaribia. Olive ameweka mwisho wa mwezi huu. Katika mkoba wake, pamoja na kitambaa na rozari, kuna kifungua chupa kipya alichonunua sokoni. Siku hiyo atapanda ngazi, atazishusha chupa na kuziweka mezani, kifungua chupa katikati. Constantin akitoa mia tatu, zitafunguliwa, na glasi ya kwanza atapewa tonton. Asipotoa, Olive atazifunga chupa zake kwenye kitenge na kushuka nazo, na kila mtu wa Walungu aliye bichi atajua maana yake.

Hatakuwa anashuka kwenda gizani. Mwenye boti nyingine, gati la tatu kutoka hapo, amekwisha kumwita. Naye alianza na swali lile lile, huko kwa Constantin unalipwa ngapi.

"Nilimuambia, Papa, uliza kazi, usiulize mufuko yangu," Olive anasema. Kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu, kidogo, upande mmoja. Alimtajia mia tatu na hamsini. Mtu yule hakukimbia. Alisema atafikiri.

Hata hivyo Olive angependa kubaki. Ameizoea Mapendano, anamwamini Nasoro, na mlango ule amekwisha kuufanya wake. Anataka mtoto wake mkubwa, anayemaliza sekondari mwaka huu, aingie chuo bila mjomba yeyote kuuza shamba. Na ana wenzake shuleni Nyalukemba ambao bado wanakula kabichi za wazazi, wanaompigia simu usiku kumuuliza wakijaribu kutoka waseme nini. Anawaambia wote jambo moja, waende wenyewe, na wasionje kitu.

Tunapopanda ngazi kumuaga tajiri, Papa Constantin anatukuta tumezikazia macho zile chupa. Anacheka, cheko la mtu mkarimu. Anasema ni afadhali Madame awe na subira lakini isizidi, maana bia ikikaa sana inaharibika.

Olive hacheki. Anavuta koti lake, kwa kuwa chini wameanza kupanga mzigo wa boti ya mchana na mtu amekwisha kuita Madame.

"Hata mutu anaharibikaka, Papa," anamwambia, na kushuka.